Mahindi Yalizuiwa Mpakani: Sumukuvu Ni Kitu Gani?

Mwezi wa Machi mwaka 2021 malori ya mahindi yalipanga foleni Namanga. Namanga ni mji wa mpakani. Upande mmoja ni Tanzania, upande wa pili ni Kenya. Tarehe 5 ya mwezi huo ofisi ya serikali ya Kenya inayosimamia kilimo na chakula ilikuwa imetoa barua. Barua ilisema hivi: mahindi ya kutoka Tanzania na Uganda yasiingie Kenya. Kwa nini? Kwa sababu yalipopimwa yalionekana yana sumu kupita kiwango.

Baada ya siku tano, tarehe 10, mpaka ulifunguliwa tena, lakini kwa masharti. Mfanyabiashara anayeingiza mahindi lazima awe ameandikishwa. Mzigo wake lazima uwe na cheti cha kuonyesha kwamba umepimwa na kwamba sumu haizidi kiwango. Tena ijulikane mahindi yametoka wapi.

Watu walisema mengi. Wengine walisema ni siasa tu. Wengine walisema ni njia ya kushusha bei ya mkulima. Na wengine waliuliza hivi: "Mahindi hayahaya ndiyo tunakula kila siku. Mbona hatufi?"

Swali hilo la mwisho ni zuri, ndugu msomaji, na linataka jibu la kweli. Jibu ni kwamba tunakufa. Ila wengi hufa polepole, na hakuna anayesema kwamba waliuawa na mahindi.

BATA MZINGA WA UINGEREZA

Sumu yenyewe inaitwa aflatoksini. Kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu, yaani sumu ya kuvu. Kuvu ni ule ukungu unaoota juu ya chakula kilichokaa na unyevu. Kuna kuvu wa aina nyingi, na si wote wenye sumu hii. Wenye sumu mara nyingi wana rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Wanapenda mahindi na karanga kuliko vyakula vingine.

Sumukuvu ilijulikanaje? Haikujulikana kwa watu kwanza. Ilijulikana kwa ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda mfupi. Madaktari wa mifugo walitafuta ugonjwa, wasiuone. Ndipo walipochunguza chakula. Ndege wale walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Karanga zile zilikuwa zimeota kuvu kabla ya kukamuliwa mafuta. Kuvu wenyewe hawakuwa na uhai tena, lakini sumu yao ilibaki ndani ya mashudu. Ilisafiri kwa meli ikavuka bahari, ikafika bandani ikiwa na nguvu zake zote.

Hapo ndipo sheria za sumukuvu zilipoanza kutungwa duniani. Zilianza kwa hasara ya wafugaji wa Uingereza. Wafugaji hao walikuwa na nguvu, wakalia, wakasikika. Sisi tulikuwa tunakula karanga na mahindi miaka yote hiyo, ila hakuna aliyekuja kutupima.

Sumu hii ina ujanja wake. Haina harufu. Haina ladha. Huwezi kuiona kwa macho. Unaweza kuuona ukungu, lakini ukungu ukifutwa au ukianguka, sumu yaweza kuwa imekwisha kuingia ndani ya punje. Tena moto wa jikoni hauimalizi. Ugali ukiiva, sumu imo. Uji ukichemka, sumu imo. Ukipika pombe kwa mahindi mabovu, sumu haiondoki yote. Sehemu yake unainywa.

CHUMVI KIJIKO KIMOJA, MAGUNIA ELFU TANO

Sasa tutazame kiwango ni nini. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki sheria inasema mahindi yasizidi maikrogramu 10 za sumukuvu katika kila kilo. Neno maikrogramu lisikutishe. Chukua gramu moja, igawe vipande milioni moja. Kipande kimoja ni maikrogramu.

Bado ni vigumu kufikiri? Basi chukua chumvi kijiko kimoja cha chai, kama gramu 5 hivi. Igawe sawasawa katika magunia 5,000, kila gunia likiwa na kilo 100. Kiasi kinachoingia katika kila gunia ndicho kiwango cha mwisho. Kikizidi hapo, mahindi hayafai kuuzwa kwa chakula cha watu.

Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba anaweza kupima sumukuvu kwa kutazama, au kwa kuuma punje. Lazima ipimwe kwa vifaa. Na kupima kwenyewe kuna shida yake. Sumu haikai sawasawa katika gunia. Punje mia zinaweza kuwa safi kabisa, na punje moja ikabeba sumu ya kuharibu debe zima. Ndiyo sababu mpimaji hachoti konzi moja juu ya gunia akaondoka. Anachoma bambo katika magunia mengi, juu, katikati na chini, anachanganya, anasaga, ndipo anapima. Ukiona mpimaji anachukua kidogo kutoka gunia moja tu, una haki ya kumwuliza.

Kila nchi ina kiwango chake. Marekani wanaruhusu maikrogramu 20 katika kilo ya chakula cha watu. Umoja wa Ulaya ni wakali zaidi: karanga zilizo tayari kuliwa zisizidi 4. Karanga zitakazochambuliwa tena kiwandani kabla ya kuliwa, Ulaya wanaziruhusu mpaka 15. Kwa hiyo mzigo uleule unaweza kukubaliwa bandari moja na kukataliwa bandari nyingine.

Nani anaamua? Kuna tume ya kimataifa inayoitwa Codex Alimentarius. Iliundwa mwaka 1963 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la chakula na kilimo na lile la afya. Tume hiyo hutoa viwango ambavyo nchi zinaweza kuvifuata. Halafu kuna mapatano ya Shirika la Biashara la Dunia, yaliyoanza mwaka 1995. Mapatano hayo yanasema kila nchi ina haki ya kulinda afya ya watu wake. Inaweza hata kuwa kali kuliko Codex. Lakini lazima iwe na sababu za kisayansi, isiwe njia ya kuficha chuki ya biashara.

Ugomvi haukukosekana. Nchi za Ulaya zilipokubaliana kiwango chao kimoja mwaka 1998, Afrika ililalamika. Mwaka 2001 wachumi wa Benki ya Dunia walikadiria kwamba Afrika ingepoteza dola milioni 670 kwa mwaka kwa sababu ya ukali huo. Walisema pia kwamba faida yake ni kuokoa chini ya watu wawili kwa mwaka katika watu bilioni moja. Baadaye wachumi wengine walisema hesabu ile ya hasara ilikuwa kubwa mno. Hata hivyo lawama ilikuwa na msingi: kwa nini mkulima maskini alipe gharama kubwa namna hiyo ili mtu wa Ulaya apunguziwe hatari ndogo?

Mimi naiona hoja hiyo. Lakini tukiishia hapo tutakosea hesabu, maana tunasahau mlaji mwingine.

NANI ANAKULA SUMU NYINGI ZAIDI?

Tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Mtu wa Ulaya anakula konzi moja ya karanga, gramu 30. Karanga zina sumu maikrogramu 4 kwa kilo, yaani kiwango cha mwisho cha Ulaya. Sumu aliyokula ni maikrogramu 0.12.

Mkulima wa kwetu anakula ugali mchana na jioni. Tuseme ni unga wa gramu 400 kwa siku. Unga una sumu maikrogramu 10 kwa kilo, yaani kiwango cha mwisho cha kwetu. Sumu aliyokula ni maikrogramu 4.

Gawa. Mkulima amekula sumu zaidi ya mara 30 kuliko yule wa Ulaya. Na wote wawili wamefuata sheria! Tena yule wa Ulaya labda kesho hatakula karanga. Mkulima kesho atakula ugali, na kesho kutwa, na mwaka kesho.

Hapo tumesema mahindi yaliyo ndani ya kiwango. Je, yale yaliyo ghalani kwako yako ndani ya kiwango? Nani aliyapima?

Mwaka 2004, wilaya za Makueni na Kitui huko Kenya, watu walianza kuugua. Matumbo yalivimba, macho yakawa ya manjano, ini likaharibika. Wagonjwa walioandikwa walikuwa 317. Waliokufa walikuwa 125. Mahindi ya madukani na sokoni yalipopimwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita maikrogramu 20, kiwango cha Kenya cha wakati huo. Sampuli 7 katika kila 100 zilipita 1,000. Lakini hatari kubwa ilikuwa katika mahindi ambayo watu walilima wenyewe. Watu walivuna mapema kwa kuogopa njaa na wezi, wakayaweka ndani ya nyumba yakiwa na unyevu.

Tanzania nayo ilipata msiba wake mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 wakafa. Huko nako walikuwa wamekula mahindi ya shamba lao.

Angalia basi. Mahindi hayo hayakupita mpaka wowote. Hakuna afisa aliyeyachoma bambo. Hayakuhitaji cheti, maana yalitoka shambani yakaingia ghalani, kutoka ghalani yakaenda mashineni, kisha sufuriani. Sheria ya chakula inasimama mpakani, bandarini, kiwandani na dukani. Huko inafanya kazi. Mwezi wa Novemba 2019, kwa mfano, Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha aina tano za unga wa mahindi wa viwanda vya hukohuko Kenya kwa sababu ya sumukuvu. Tanzania, tangu mwaka 2019, kazi ya usalama wa chakula imekabidhiwa Shirika la Viwango, TBS. Lakini hakuna shirika la viwango linaloweza kuingia kila kihenge cha kila nyumba.

Na wale waliokufa ghafla ni wachache kuliko wanaoumia polepole. Sumukuvu kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini wa aina ya B, yaani homa ya ini, hatari huzidi sana. Wataalamu wameona pia kwamba watoto wanaokula sumu hii mara kwa mara wengi wao hudumaa. Mtoto huyo anapewa uji kila siku, mama anajitahidi, na bado hakui. Mama analaumiwa bure.

Jambo jingine linaniuma zaidi. Mnunuzi mkubwa akija kijijini, anachagua. Anachukua karanga nzuri, nene, zisizo na doa. Zile nyembamba, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, anaziacha. Je, zinatupwa? Hazitupwi. Zinauzwa sokoni bei ya chini, zinasagwa, zinawekwa kwenye mboga. Katika zile zilizoachwa ndimo sumu ilimojaa. Basi ukali wa sheria ya Ulaya unamlinda mtu wa Ulaya, na makombo yake tunakula sisi.

SHAMBANI NA GHALANI

Kuvu huanza shambani. Mahindi yakipata ukame wakati wa kuzaa, yanadhoofika, na kuvu huingia kwa urahisi. Wadudu nao wanatoboa punje na kufungua mlango. Dumuzi, yule ambaye wengine wanamwita Skania, ni rafiki mkubwa wa kuvu. Siku hizi kuna dawa inayoitwa Aflasafe, iliyosajiliwa Kenya na Tanzania. Si dawa ya kunyunyiza. Ni punje zilizopakwa kuvu wa aina isiyo na sumu. Unazimwaga shambani kilo 4 kwa eka, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Kuvu wema wanakalia nafasi, wale wabaya wanakosa pa kukaa. Mwulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yenu kama inapatikana.

Lakini kazi kubwa ni kukausha. Vuna mahindi yakikomaa, usiyaache yasimame shambani mpaka mvua nyingine. Usiyarundike chini. Yaanike juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo, maana kuvu anaishi udongoni. Mvua ikinyesha uyafunike, jua likitoka uyafunue. Kazi hii inachosha, najua, hasa kwa akina mama ambao ndio mara nyingi wanaachiwa.

Utajuaje kwamba yamekauka? Kuna kipimo cha chupa na chumvi. Tafuta chupa ya kioo, safi na kavu kabisa, yenye kizibo. Tia mahindi mpaka robo ya chupa. Tia chumvi kavu vijiko viwili au vitatu vikubwa. Ziba, tikisa kwa dakika chache, halafu iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Chumvi ikianguka yote chini, unyevu ni chini ya 15 katika 100. Hapo usishangilie bado. Sheria ya Afrika Mashariki inataka 13.5. Yaanike tena siku moja au mbili, upime tena.

Wakati wa kupukuchua usiyapige mahindi kwa fimbo ndani ya gunia. Punje zinavunjika, na punje iliyovunjika haina ganda la kuikinga. Wale wenye karanga nao wana desturi moja mbaya: kunyunyizia maji ili maganda yawe laini wakati wa kubangua. Vidole vinapona, ni kweli. Lakini karanga iliyokwisha kukauka ukiilowesha tena umemwita kuvu kwa jina lake.

Ghalani, magunia yasikae sakafuni wala yasiegemee ukuta. Weka juu ya mbao au miti. Ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ni mizuri, inaua wadudu bila dawa. Ila ukitia mahindi yenye unyevu, umeufungia unyevu humohumo.

Halafu chambua. Kabla ya kupeleka mashineni, tandaza mahindi kwenye ungo, toa yaliyobadilika rangi, yaliyotobolewa, yaliyonyauka. Kazi hii ya mikono inapunguza sumu nyingi, hata kama haiimalizi. Kukoboa nako kunapunguza, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu iko kwenye ganda na kiini. Lakini basi pumba ndizo zinabaki na sumu, na pumba tunawapa kuku na ng'ombe. Kumbuka bata mzinga wale. Ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake inatoka katika maziwa, na maziwa anakunywa mtoto.

CHETI NI CHA NANI?

Turudi Namanga. Masharti ya mwaka 2021 yalitaka cheti cha kupimwa. Mfanyabiashara mwenye lori la tani 30 analipa gharama ya kupima na haioni sana. Mkulima mwenye magunia matatu hawezi. Kupima magunia matatu na kupima mia tatu kazi yake inakaribiana. Jumuiya ya Afrika Mashariki imewarahisishia wafanyabiashara wadogo mambo ya ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, lakini unafuu huo ni wa cheti cha asili ya bidhaa. Haumwondolei mtu masharti ya usalama wa chakula. Ndiyo sababu wakulima wanaouza pamoja, kwa njia ya chama cha ushirika na ghala moja, wana nafasi nzuri zaidi. Mzigo wao ni mkubwa, kipimo ni kimoja, gharama inagawanywa. Tena mzigo ukikataliwa, chama kinajua ni magunia ya nani yaliyoharibu, kama kila gunia liliandikwa jina lilipoingia. Chama kisichoandika majina kitawaadhibu wote.

Linabaki suala la mahindi mabovu yenyewe. Ukishayachambua utayafanya nini? Wataalamu wanasema yachomwe au yafukiwe. Ni rahisi kusema. Debe moja la mahindi si kitu kidogo kwa nyumba ambayo ghala lake linaishia mwezi wa Desemba. Makueni na Kitui mwaka 2004 serikali ya Kenya haikuishia kuwaambia watu waache kula. Iliwapa mahindi mengine mazuri badala ya yale mabovu. Mkutano wa kijiji ukiitishwa kuzungumza habari za sumukuvu, ulizeni na hilo: tukiyatupa haya, tutakula nini mpaka mavuno?